Waya, askari, dozi na mtoro: picha tulizonazo kichwani kuhusu VVU zinaamua mengi kuliko tunavyodhani (uzi mrefu)

Mshauri wa Mkoani (mtoa uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Nimefanya ushauri nasaha kwenye kliniki ya CTC, yaani ya huduma na matibabu ya VVU, mkoani kwa miaka mingi, na kuna jambo nimekaa nalo muda mrefu nikitaka tulijadili kwa kina. Mtu anaweza kuwa na taarifa zote za VVU, vipeperushi kasoma, semina kahudhuria, halafu linapomfika yeye anafanya kinyume kabisa. Wengi huita ukaidi. Mimi naamini chanzo ni picha. Kila mmoja wetu ana picha kichwani ya huyu mdudu ni kitu cha namna gani, anaingiaje, anakaaje, anatokaje. Picha hiyo hatukuichora wenyewe, tumeikuta kwenye lugha, na ndiyo inayotuamulia tupime, tukimbie, tukae na mgonjwa au tutupe vidonge.

Nianze mbali kidogo. Shuleni tulifundishwa kwamba sitiari ni pambo la ushairi, "Juma ni simba", basi. Mwaka 1980 Wamarekani wawili, George Lakoff mwanaisimu na Mark Johnson mwanafalsafa, walitoa kitabu wakisema sitiari ndiyo njia yetu ya kila siku ya kufikiri. Sikilizeni watu wakibishana, hata humu jukwaani. Tunashambulia hoja, tunaitetea, tunaiangusha, mmoja anajihami, mwingine anasalimu amri. Hakuna anayejiona anatumia tamathali. Lakini kwa kuwa tumeyafanya mabishano kuwa vita, hatuwezi kuyamaliza mpaka apatikane aliyeshindwa.

Miaka 18 kabla yao, Thomas Kuhn, mwanafizikia aliyegeukia historia ya sayansi, alisema jambo la karibu na hilo kuhusu wanasayansi. Kwamba wanafanya kazi ndani ya paradaimu, yaani utaratibu mzima wa namna ya kuuliza, kupima na kuamua lipi ni jibu. Likitokea jambo lisiloingia kwenye utaratibu huo, kinacholaumiwa kwanza ni kipimo au aliyepima. Ni mpaka mambo ya namna hiyo yarundikane ndipo utaratibu wenyewe unapoanza kutikisika. Hilo la kulaumu kipimo naomba mlishike, nitalihitaji mbele.

Sasa turudi nyumbani. Wagonjwa watatu wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kabla jina la kitaalamu halijafika, watu wa kule walikuwa wameshaupa ugonjwa jina lao: Juliana. Lilikuwa jina la kitambaa kilichotamba wakati ule, kikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Maelezo yaliyosambaa ni kwamba vijana waliokuwa wakivuka mpaka kwa magendo waliwadhulumu wenzao, na wenye mali wakalipiza kwa uchawi.

Nawaomba tusiyapuuze maelezo hayo. Vita na Idi Amin vilikuwa vimekwisha 1979, maduka matupu, magendo ndiyo maisha. Na walioanza kuugua kweli walikuwa wasafiri wenye fedha mkononi, pamoja na wapenzi wao. Watu waliona sawasawa nani anaugua. Walipokosea ni kwenye sababu, na kosa la sababu likazaa kosa la tiba. Ugonjwa ukiwa ni deni, unatafuta wa kuuondoa uchawi au unarudisha mali ya watu. Mke aliyebaki kijijini haingii kwenye hesabu hiyo hata kidogo, maana yeye hakumdhulumu mtu. Picha ya deni ilimficha yeye kabisa, naye ndiye aliyekuwa kwenye hatari kubwa.

Baadaye jina la UKIMWI likaingia, na mtaani yakazaliwa mengine. AIDS ikafafanuliwa vijiweni kuwa "Acha Iniue Dogodogo Siachi". Wanaume wakaita "ajali kazini". Halafu ikaja ile ambayo naona ilituingia kuliko zote: umeme. Fulani kakanyaga miwaya. Fulani kashika waya. Kaungua.

Fikirini waya wa umeme unavyofanya kazi. Ukiugusa umeugusa, hakuna nusu. Hauna muda, papo hapo umekwisha. Na aliyenasa, ukimshika na wewe umenasa. Kijana aliyekua na picha hii hahitaji kuambiwa asile sahani moja na mgonjwa, picha imeshamwambia. Hahitaji kuambiwa asipime, maana kama alishateleza siku moja basi ameshaungua, kipimo cha nini tena?

Nitaendelea, ngoja nimalize jambo fulani hapa.

Nesi wa Zamu

Mkuu, umenigusa. Hiyo ya "nimeshateleza, nipime cha nini" naisikia kila wiki. Endelea, tupo.

Mwana wa Ziwa

Hamjambo wadau. Mimi niko upande wa Kisumu. Kwetu kabla ya watu kukubali ni virusi, wazee waliita chira. Mtu akivunja miiko ya ndoa, ya mazishi, ya kujenga boma, anakonda mpaka anaisha, na dawa yake ni manyasi, yaani mitishamba ya kienyeji. Mgonjwa wa UKIMWI anakonda vilevile, kwa hiyo jina lilikuwa tayari linamngoja. Nimezika jamaa wangu ambao familia ilishikilia ni chira mpaka siku ya mwisho. Na ukiangalia vizuri, chira iliweka lawama kwa mtu mmoja aliyevunja mwiko, kisha boma zima likawa linamtafuta ni nani. Mara nyingi akapatikana ni mjane.

Mshauri wa Mkoani

Asante ndugu yangu wa Kisumu, na pole sana kwa wapendwa. Mfano wako unakwenda pamoja na Juliana kabisa: jina lilikuwepo, dalili zikaingia ndani yake, na ndani ya jina kulikuwa na mshtakiwa tayari.

Niendelee na waya, kwa sababu hapa ndipo Kuhn anapoingia.

Alikuja baba mmoja na mkewe. Mke amekutwa na maambukizi kliniki ya wajawazito, mume akaitwa. Ndoa ya miaka mingi, watoto wapo, kondomu hawajawahi kutumia. Mume akapimwa, hana. Akaomba apimwe tena, akapimwa, hana. Karatasi ya majibu aliishika kwa mikono miwili, akaisoma, akaigeuza upande wa nyuma kuona kama kuna kingine kimeandikwa huko, akairudisha mezani. Akaniuliza mashine ni ya lini. Nikamweleza. Akasema basi atakuwa na damu ngumu. Mkewe hakusema neno, alikuwa anamwangalia tu usoni, na nilielewa anachongoja: kama mume ni mzima, basi yeye ndiye aliyeleta.

Wenza wenye majibu tofauti si jambo la ajabu, tunawaona mara kwa mara kliniki. Lakini mwenye picha ya waya hana pa kuwaweka. Waliozishika nyaya pamoja miaka yote lazima wote waungue. Kwa hiyo analaumu kipimo. Kipimo kikirudia jibu lilelile, analeta damu ngumu, au kundi la damu, au maombi. Kuhn alikuwa anazungumzia maabara za fizikia, lakini hiki ndicho alichokuwa anakieleza. Picha haibomoki kwa tukio moja. Inawekewa viraka.

Na wapo watu waliokataa kuweka viraka. Rakai, Uganda, wilaya ileile ambayo ugonjwa uliitwa Slim kwa sababu ya kukonda, watafiti waliwafuatilia wenza wa namna hii. Mwaka 2000 wakachapisha matokeo ya jozi 415 za wenza. Kati ya waliokuwa hawana maambukizi mwanzoni, 90 waliambukizwa katika kipindi cha ufuatiliaji. Lakini pale ambapo mwenye maambukizi alikuwa na virusi chini ya kopi 1,500 kwa mililita moja ya damu, hakuna mwenza hata mmoja aliyeambukizwa. Mwaka uliofuata wakakokotoa kwamba kwa wastani, kati ya wenza wa Rakai, tendo moja liliambukiza takribani mara 1 katika 1,000.

Lile swali la zamani, ana au hana, likapata mwenzake: anavyo vingapi? Kwangu mimi hapo ndipo paradaimu ilipogeuka. Ukishauliza vingapi, swali la kufuata ni tunavipunguzaje, na dawa ikiweza kuvipunguza, dawa hiyo itamkinga hata yule asiyeimeza. Mwaka 2011 utafiti uliofanyika nchi 9, Kenya ikiwemo, jozi 1,763 za wenza, ulionyesha mwenye maambukizi akianza dawa mapema, hatari ya kumwambukiza mwenzake inapungua kwa asilimia 96. Mwaka 2016 ukatoka mwingine wa Ulaya: jozi 888 za wenza, matendo kama 58,000 bila kondomu, mwenye VVU akiwa kwenye dawa na virusi vimefubaa. Maambukizi kutoka kwa mwenza huyo: sifuri. Mwingine wa 2019 ukafikia jibu hilohilo.

Hoja kwa Hoja

Mkuu, samahani, hapo pa 1 kwa 1,000 nina wasiwasi napo. Kuna kijana atasoma hiyo namba leo usiku akaona ruhusa.

Mshauri wa Mkoani

Umefanya vizuri kusema, na nalijibu kwa uzito wake. Ule ni wastani wa watu walioishi pamoja muda mrefu. Mtu aliyeambukizwa wiki chache zilizopita ana virusi vingi sana na hajijui. Mwenye magonjwa mengine ya zinaa, mwenye vidonda, hatari inapanda. Na tendo moja linatosha, wapo walioambukizwa kwa tendo moja. Kondomu inabaki pale pale kwa mtu usiyejua majibu yake.

Ila naomba uone kitu hapo. Picha ya waya haiwezi kubeba neno "hatari imepanda" wala "imepungua". Ndani yake kuna kuungua na kutoungua tu. Ndiyo maana tohara nayo imetupa shida kuieleza. Majaribio ya Kisumu, Rakai na Afrika Kusini yalionyesha inampunguzia mwanamume hatari kwa karibu asilimia 60. Kijana mwenye picha ya waya anasikia moja kati ya mawili: imefunga umeme kabisa, kwa hiyo niko huru, au haijafunga, kwa hiyo haina maana. Asilimia 60 haina mahali pa kukaa kichwani mwake. Tukitaka akae nayo, lazima tumbadilishie picha kwanza. Namba peke yake haifanyi hiyo kazi.

Mama Wawili

Kaka, mimi naishi na VVU, niliambiwa nikiwa mjamzito. Watoto wangu wote wawili hawana. Nilipoambiwa virusi havionekani kwenye kipimo nilimwambia mume wangu, akasema "haviwezi kupotea, ukishaungua umeungua". Nilikosa cha kumjibu. Leo ndiyo nimeelewa alikuwa anasemea wapi.

Mshauri wa Mkoani

Dada yangu, asante kwa kutuamini. Na hongera kwa watoto, hiyo ni kazi ya mikono yako. Bila dawa, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama mwenye VVU, kati ya 15 na 45 huambukizwa. Kwa dawa wanashuka chini ya 5.

Kuhusu mzee wako, mimi kuna wakati ninamkuta mtu kwenye waya wake huohuo badala ya kumtoa kwa nguvu. Namwuliza: ukizima umeme kwenye mita, waya ule ule si unaushika kwa mkono? Waya upo, umeme haupiti. Wengi hapo wananyamaza kidogo, na ukimya huo naupenda. Ila mzimaji wa mita ni kidonge cha kila siku, hilo nalisema hapo hapo.

Nesi wa Zamu

Naomba nilete na askari. Maana sisi wenyewe kliniki ndio tunaofundisha: CD4, zile chembe za kinga kwenye damu, ni askari wa mwili, kirusi ni adui, ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, ni silaha. Inaeleweka haraka, hata bibi ambaye hakusoma anaelewa. Lakini nimeona ikituponza. Mgonjwa anaambiwa CD4 zako zimepanda, askari ni wengi. Anaenda nyumbani anafikiri ameshinda vita, anaweka silaha chini. Anarudi baada ya mwaka amechoka, amepungua kilo, ana kifua kikuu.

Mshauri wa Mkoani

Nesi, hilo nalo ni kubwa. Nchi yetu iliingia kwenye lugha ya vita rasmi. Mwishoni mwa 1999 Rais Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, TACAIDS, tume ya kudhibiti UKIMWI, ikaanzishwa 2001, na mabango yote yakawa vita dhidi ya UKIMWI, mapambano, kutokomeza. Sisemi lilikuwa kosa. Watu walikuwa wanakufa, serikali ilihitaji neno la kuamsha nchi nzima, na vita ni neno linaloleta bajeti na viongozi majukwaani.

Shida ya vita ni kwamba inataka adui anayeonekana. Kirusi hakionekani. Anayeonekana ni mtu aliye nacho. Susan Sontag, mwandishi wa Marekani ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuugua saratani, aliandika mwaka 1978 kuhusu lugha ya vita inavyowaumiza wagonjwa, na 1989 akaligeukia suala la UKIMWI kwa hoja ileile. Alitaka magonjwa yasemwe bila sitiari kabisa. Mimi hapo siendi naye. Chumba cha ushauri hakiendeshwi bila picha, mtu anahitaji kushika kitu. Tunachoweza ni kuchagua, na kujua kila picha inaishia wapi.

Hiyo ya askari inaishia pale ulipopasema: vita huisha. Ya kirusi haiishi, kwa sababu kinajificha ndani ya seli ambako dawa haikifikii, na mtu akiacha dawa, kwa walio wengi virusi vinarudi kwenye damu ndani ya wiki chache.

Na hapo nyuma yake kuna picha kongwe kuliko zote, ambayo hata jina haina kwa jinsi ilivyozoeleka: dozi. Sisi ni watu wa malaria. Umepima, umekutwa nayo, unapewa dawa ya mseto, vidonge 24 kwa siku tatu, unamaliza dozi, umepona. Ugonjwa umekuja, umeondoka. Mwili wetu wote umefundishwa hivyo tangu utotoni. Halafu unamwambia mtu huyohuyo: hii dawa utakula maisha yako yote, wala hutapona, ila utakuwa mzima. Kwa mwenye picha ya dozi, dawa isiyomaliza ugonjwa ni dawa iliyoshindwa.

Kwa macho hayo naiangalia Loliondo. Mwaka 2011, kijiji cha Samunge, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe kimoja cha dawa kwa shilingi 500, na foleni ya magari ikaenda kilomita na kilomita. Walikwenda wasomi, viongozi, wenye kisukari, wenye presha, wenye VVU. Wapo waliorudi wakaacha ARV, na wapo tuliowazika. Wengi wameeleza Loliondo kwa imani, wengine kwa kukata tamaa. Mimi naongeza hili: kikombe kilikuwa kinajibu hasa swali ambalo kliniki ilikataa kulijibu. Unakunywa mara moja, imekwisha. Dozi imekamilika. Magonjwa yaliyowapeleka watu kule mengi yalikuwa yale ambayo hospitali inasema "utaishi nayo", na watu walikuwa wamechoka kuishi nayo. Kama tungekuwa tumewapa picha ya kuishi na ugonjwa iliyoshikika kama kile kikombe kilivyoshikika mkononi, naamini wengine wangebaki.

Hoja kwa Hoja

Mtoa uzi, nakuheshimu lakini nikubane kidogo. Unaipa sitiari nguvu nyingi mno. Watu waliacha dawa kwa sababu kliniki iko mbali, nauli hakuna, foleni kutwa nzima, nesi anafoka. Hizo si sitiari. Na huo utafiti wa sitiari wenyewe una mashaka. Kuna ule maarufu wa Thibodeau na Boroditsky, 2011: walisomesha watu habari ya uhalifu mjini, wengine uhalifu ukaitwa mnyama mkali, wengine ukaitwa kirusi. Waliosoma mnyama, karibu robo tatu walitaka polisi na jela. Waliosoma kirusi, zaidi kidogo ya nusu tu. Vizuri. Lakini 2014 watafiti wa Uholanzi wakaurudia na hawakuiona hiyo athari. Sasa?

Mshauri wa Mkoani

Mkuu, hoja zako zote mbili nazikubali kama ukweli, na bado nabaki nilipo.

Majaribio yale ni neno moja kwenye aya moja, mtu anasoma mara moja, anajibu, anaondoka. Sishangai matokeo yake kuyumba. Ninachokisema hapa ni picha uliyoisikia kijiweni, kanisani, kwa mama, kwenye wimbo, kwa miaka ishirini, na ambayo hujawahi kusikia nyingine. Hiyo huwezi kuipima kwa aya moja, wala kuikanusha kwa aya moja.

Na kuhusu nesi anayefoka, umenipa mlango niliokuwa nautafuta. Kwenye kliniki zetu mtu aliyekosa tarehe za dawa anaitwaje? Mtoro. Tunasema "watoro wa dawa", tunaandika orodha ya watoro, tunatuma watu kuwafuatilia watoro. Neno limetoka shuleni. Na mtoro akirudi shuleni hupokelewaje? Anaulizwa ulikuwa wapi, anasimamishwa pembeni, anangoja mwisho. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo waliokosa tarehe walihudumiwa wa mwisho, wote wakijua kwa nini wamekaa benchi lile. Hakuna mwongozo wowote ulioagiza hivyo. Neno liliagiza. Nesi yule si mtu mbaya, yeye anatenda kama mwalimu kwa sababu mbele yake ameletewa mtoro. Angeletewa "mama aliyekosa nauli" angetenda vingine. Kwa hiyo nauli ni ya kweli, foleni ni ya kweli, lakini ile foko imeingia kwa mlango wa sitiari.

Mwana wa Ziwa

Sisi huku Kenya kwenye CCC, ndizo kliniki zetu za VVU, tunawaita difolta. Sasa nikifikiria, hilo ni neno la benki, la mtu asiyelipa mkopo. Mwenye deni hurudi benki akiwa amejikunyata vivyo hivyo. Wengine hawarudi kabisa.

Nesi wa Zamu

Mimi orodha yetu iko ukutani ofisini, imeandikwa WATORO kwa kalamu nyekundu. Nimeiona kila siku wala sijawahi kuisoma kwa jicho hili. Mshauri, basi tutumie nini? Tumeshaona zinazoumiza, zipo zilizofanya kazi?

Mshauri wa Mkoani

Zipo. Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali ya Museveni ilikwenda kwa wananchi na lugha ya mifugo: ng'ombe wa kufungwa nyumbani, analishwa pale pale, hatangitangi kwenye malisho ya wengine. Kila mkulima alielewa bila kufafanuliwa, na hakuna aliyetukanwa. Nayapenda mambo mawili pale. Kwanza haikudai mtu awe mtakatifu, mwenye wake watatu naye alikuwa na boma lake. Pili ilizungumzia mwenendo, haikumgusa mgonjwa. Kiwango cha maambukizi Uganda kilishuka kutoka karibu asilimia 15 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi karibu 6 muongo mmoja baadaye. Wataalamu bado wanabishana ni kwa sababu gani hasa, vifo vingi navyo vimo kwenye hesabu hiyo, lakini wengi wanakubali kwamba kupunguza wapenzi kulichangia.

Hapa kwetu shirika la afya la AMREF lilipoanzisha vituo vya kupima kwa hiari mwaka 2001 likaviita Angaza. Kupima kukawa kuwasha taa, wakati mtaani kulikuwa kupokea hukumu. Naamini jina lile lilisogeza miguu ya watu wengi. Na "waathirika" kuwa "watu wanaoishi na VVU", wengine wanaona ni adabu za semina. Mimi nimeona mtu akikaa vizuri kwenye kiti kwa neno hilo.

Mama Wawili

Kaka, na watoto je? Nina mtoto wa marehemu dada yangu, alizaliwa nayo, sasa yuko darasa la sita. Ameanza kuuliza kwa nini anakunywa dawa na wengine hawanywi. Nimekuwa nikimwambia za kifua. Nimwambie nini?

Mshauri wa Mkoani

Dada, kwa umri huo asiendelee kuambiwa za kifua, anakaribia kusoma mwenyewe jina la dawa kwenye kopo, na ni bora alisikie kwako. Nenda mkalifanye pamoja na mshauri wa kliniki yenu, usibebe peke yako.

Picha ambayo kliniki nyingi huitumia kwa watoto ni ya mdudu aliyelala. Ndani ya damu yako kuna mdudu, dawa inamlaza, akilala hakusumbui, unasoma, unacheza, unakua. Ukiacha dawa anaamka. Kati ya picha zote nilizozitaja humu, hii ndiyo iliyo karibu zaidi na kile kinachotokea mwilini. Inabeba mambo mawili kwa pamoja ambayo waya na askari na dozi vilishindwa kuyabeba: kwamba kipimo kinaweza kusema havionekani, na kwamba bado vipo. Hata neno letu la kufubaza linakaa vizuri ndani yake.

Lakini nayo ina mwisho wake. Wapo watoto wanaoanza kuogopa kumwamsha. Anaogopa kukimbia, anaogopa kuruka, akipata homa ya kawaida anadhani ni yeye kamwamsha. Na wapo walezi, kwa uchovu, wanaoifanya fimbo: "usipokula, utamwamsha". Mwambie wazi kwamba kelele haimwamshi, mpira haumwamshi, kusahau kidonge siku moja akakinywa alipokumbuka si dhambi. Kinachomwamsha ni kuacha dawa. Halafu mwache aulize. Swali ambalo karibu wote huuliza ni kama marehemu mama yake alikuwa na mdudu huyo huyo. Ujiandae nalo kabla hujaanza.

Nesi, kuhusu ile orodha ya ukutani: mahali pengine wameandika "wa kutembelewa". Na kweli wanatembelewa.

Wadau wengine, hasa wa Kigoma na visiwani ambako mimi sijafanya kazi, leteni picha zinazotumika huko kwenu, za mtaani na za kliniki. Ningependa sana kujua wavuvi wanalisemaje jambo hili.